Kilwa: Kolekole alivyovishwa jina la salmon, na mpishi wake akaitwa mwizi mbele ya wageni

Wakuu wa humu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni kama mwiba, na nikiendelea kunyamaza kitanitoboa. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe. Mkiona sehemu najitetea, nikamateni hapohapo.

Hoteli sitaitaja. Meneja sitamtaja jina. Mpishi nitamwita Bi Zainabu, ambalo si jina lake, ila watu wa Kilwa Masoko mkisoma mtamjua.

Kwanza mnijue mimi. Shule niliacha darasa la sita. Tangu hapo ni mtu wa kuhama. Nimepalilia ufuta Kikole, nimebangua korosho, nimeuza mitumba Lindi mjini, nimefundishwa kuchomelea vyuma nikaacha njiani. Nikishajua kazi inavyofanyika, miguu inaanza kuwasha. Huo ndio ugonjwa wangu.

Mwaka huu ugonjwa ulinifikisha kwenye jiko la hoteli moja ndogo ya ufukweni pale Masoko. Niliingia kama mtu wa kuosha vyombo na kupara samaki.

Jikoni alikuwa Bi Zainabu. Mama wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, anavaa kanga juu ya aproni, na kisu chake hakiguswi na mtu. Yuko pale tangu hoteli ina vyumba vinne. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Wewe mzururaji, hapa utakaa mwezi?"

Nikamwambia, "Inshallah, bi mkubwa, hata miwili."

"Usimsingizie Mungu. Shika sufuria."

Kuanzia siku ile akaniita Mzururaji. Na wakuu, yule mama alinifundisha kupika kuliko shule ilivyonifundisha kusoma.

Sasa twende kwenye kisa.

Siku moja Meneja akaja jikoni na simu yake mkononi. Kuna familia inatoka Dar, watu kama tisa, wanamleta mama yao kutembea. Watakula chakula cha mchana Jumamosi. Binti wa yule mama ametuma picha ya chakula anachotaka: salmon wa kuoka, amepakwa sosi ya asali na soya, anang'aa kama kiatu kipya.

Bi Zainabu akatazama picha kwa utulivu. "Samaki huyu anatoka wapi?"

"Ulaya huko. Anakuja kwa boksi na barafu kutoka Dar."

"Na hawa wa hapa wana kosa gani?"

Meneja akacheka kile kicheko cha kutokujibu. Akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri: "Wageni wa maana hawaji Kilwa kula kolekole."

Wakuu, hebu tulieni hapo kwanza. Ukisimama jikoni kwetu unasikia watu wanapiga mnada wa samaki. Samaki wanatoka majini bado wanapiga mkia. Halafu anaagizwa samaki aliyekufa hatujui lini, apande basi, apite Nangurukuru, ndiyo awe "wa maana". Mimi darasa la sita tu, lakini hesabu hiyo ilinishinda.

Tuache. Kazi ni kazi.

Siku tatu kabla ya Jumamosi, Bi Zainabu alinifundisha ile sosi. Hakuwahi kuiona maishani mwake, aliisoma kwenye ile picha na kwenye maelezo niliyomsomea simuni. Akaonja ile soya ya chupa, akakunja uso. "Hii chumvi tupu. Inataka kitu cha kuishika mkono." Akaongeza ukwaju uliochujwa.

Mnaopenda mapishi, iko hivi: asali vijiko vinne vikubwa, soya vitatu, maji mazito ya ukwaju viwili, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili moja ya kukatwa katikati. Unaweka motoni mdogomdogo mpaka iwe nzito, ukiinua kijiko inashuka kama uzi. Usiende kuchungulia simu, asali haina subira, inaungua ukigeuza shingo.

Unampaka samaki mara ya kwanza akiwa ameiva nusu. Halafu unarudia, na unarudia tena. Ukipaka tangu mwanzo unapata mkaa mtamu.

Salmon alifika Ijumaa. Vipande viwili virefu, vyekundu rangi ya papai lililoiva, havina kichwa wala mkia. Bi Zainabu akaviingiza kwenye friza. Akaniambia, "Kesho asubuhi uvitoe viyeyuke. Mimi nitachelewa, nina hitma ya marehemu shemeji yangu. Nikija nitaendelea."

Vitoe viyeyuke. Hayo tu ndiyo maagizo niliyopewa.

Sasa hapa ndipo ninapojisema mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nikavitoa. Vilipoanza kulainika nikavinusa. Shombo! Sasa mtu wa pwani akinusa shombo anafanya nini? Niambieni nyie mliolelewa huku. Mama yangu asingekubali samaki aguse sufuria bila ndimu na chumvi. Ukila kwa mtu ukasikia shombo, unaondoka ukimsema mpaka kwake.

Nikakata ndimu kumi. Nikamimina chumvi ya mawe. Nikavisugua vile vipande mbele na nyuma kwa nguvu zangu zote, kama ninavyomsugua samaki taa. Halafu nikaviacha vilale humohumo kwenye ndimu ili shombo ikate kabisa, nikatoka nje kununua mkaa. Kwenye mkaa nikakutana na jamaa mwenye pikipiki anafungua injini, nikasimama kutazama. Mnajua ugonjwa wangu.

Niliporudi, ule wekundu wa papai haukuwepo. Nyama imekuwa nyeupe kama imechemshwa. Nikagusa kwa kidole, ikamomonyoka. Nikaonja, chumvi ikanipanda mpaka puani.

Kolekole anavumilia mateso yale kwa muda mfupi, tena akiwa na ngozi na mifupa yake. Vile vipande laini havikuwa vimezaliwa kwa ndimu za Kilwa.

Bi Zainabu akaingia saa nne na nusu, bado na baibui la hitmani. Akatazama beseni. Akanitazama mimi. Nilitegemea matusi.

Akasema, "Umeviosha."

"Vilikuwa na shombo, bi mkubwa."

"Hata mimi ningeviosha." Akavuta kiti, akakaa kidogo. "Ila mimi ningesimama palepale."

Akachukua simu akampigia Meneja, ambaye alikuwa Nangurukuru anawasubiri wageni. Akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilishaanza kumenya vitunguu. Kwa hiyo nilisikia kila kitu, sikuhadithiwa.

"Meneja, samaki wako ameharibikia jikoni kwangu."

Hakunitaja. Wakuu, aliniona nimesimama pale mbele yake, na hakunitaja. Alisema jikoni kwangu.

Meneja akafoka mpaka simu ikakwaruza. Mwisho akasema, "Mimi sijui. Meza ile isipokaa sawa leo, Jumatatu usije kazini."

Bi Zainabu akajibu taratibu, "Meza itakaa sawa. Nampika kolekole kwa sosi ileile. Ila uwaambie wageni kwamba ni kolekole. Sipiki uongo."

"Nitawaambia, nitawaambia. We pika!"

Shikeni hayo maneno. Nitayarudia.

Akatoka mwenyewe kwenda mnadani. Akarudi na kolekole mkubwa, macho maangavu, mashavu mekundu ndani. Nikampara. Akamtoa kichwa akakiweka pembeni kwa ajili ya supu yetu ya jioni, mwili akaukata vipande vinene akavitoa mifupa. Ndimu alinikamulia yeye, nusu tu, akasimama juu yangu kama askari wa benki.

Oveni yetu ina moto wa chini peke yake, juu imekufa zamani. Picha ile inataka samaki ang'ae juu. Bi Zainabu hakuhangaika. Akaweka samaki kwenye sufuria pana, mfuniko wa bati juu, makaa chini kidogo na juu mengi, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Kila baada ya muda anafunua, anapaka sosi kwa brashi, anafunika. Mara ya tatu alipofunua, wakuu, nilisahau kama nina kosa. Samaki anang'aa kahawia, pembeni sosi inachemka mapovu madogomadogo, harufu ya asali na tangawizi imeshika ua mzima. Askari wa getini alikuja kuuliza kama kuna harusi.

Wageni wakafika saa saba kasoro. Mama yao, bibi mmoja mwembamba wa miaka sabini na ushei, akaja moja kwa moja nyuma ya jiko kutafuta maji ya udhu. Bi Zainabu akamwekea kiti na kujaza kopo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe jikoni kuna watu, nilidhani siku hizi mahotelini wanapika mashine." Akacheka. "Mimi mtoto wa Kikole. Niliolewa Dar nikakaa hukohuko, hawa wanangu ndio wamenirudisha leo nione kwetu."

"Karibu nyumbani mama."

"Nimekaribia. Wanasema leo nakula samaki wa moyo, daktari kasema. Mie na moyo wangu tunakula chochote."

Hapo nikaona Bi Zainabu amempenda yule bibi.

Chakula kikatoka. Mimi nilikuwa nabeba wali na kachumbari. Meneja akasimama kwenye meza, shati limepigwa pasi, akafunua sahani ya samaki kwa madaha. Nikatega sikio nisikie neno kolekole.

Akasema, "Karibuni sana. Salmon wetu huyu ameingia jana kwa ndege, moja kwa moja kutoka Ulaya. Tumemwoka kwa sosi maalumu niliyoibuni mimi mwenyewe."

Niliyoibuni mimi mwenyewe!

Dirisha la jikoni linatazama mezani. Nikageuka. Bi Zainabu amesimama pale, brashi ya sosi bado iko mkononi. Akaondoka dirishani.

Wageni wakaanza kula, na sifa zikaanza. Binti akapiga picha. Kijana mmoja akasema hata Dar hajawahi kula salmon wa namna hii, na Meneja anatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Bibi wa Kikole peke yake ndiye alikuwa anakula polepole, anatafuna, anatazama juu, anatafuna tena.

Wakuu, kwetu kuna jambo moja halihitaji kuelezwa, ila kwa wa bara nieleze. Mgeni wa heshima hawekewi kipande, anawekewa kichwa. Ukimpa mkubwa mkia na kichwa ukala wewe, umemtukana. Nimekuta nyumba hazina kitu, lakini kichwa cha samaki mgeni anakipata.

Bi Zainabu akatoka jikoni na sahani ya bluu. Juu yake kichwa cha kolekole kizima, kimepakwa sosi ile iliyobaki, kimepita motoni, kinang'aa mpaka mdomoni. Akapita mbele ya Meneja kama hamwoni. Akakiweka mbele ya bibi, akapiga goti kidogo.

"Mama, hiki chako. Mtoto wa Kikole hawezi kurudi nyumbani akala bila kichwa."

Bibi akakitazama kile kichwa. Kichwa kikamtazama.

"Alaa! Kolekole!" Akapiga kofi mapajani akacheka mpaka miwani ikashuka. "Na mie natafuna nasema, huyu salmon mbona namjua kwao!"

Wajukuu wakacheka. Lakini binti hakucheka. Akageuka. "Meneja, hiki ni kichwa cha salmon?"

Sasa mtu mwenye haya angesema: samahani, salmon aliharibika, tukawapikia wa hapa. Maneno hayo tu. Wageni walishakula na kusifu, hakuna ambaye angedai kitu.

Meneja akatoa jasho. Halafu akanyoosha kidole.

"Dada samahani sana. Salmon aliletwa, risiti ninayo. Huyu mama ndiye alikuwa na funguo za friza. Nilishamshuku siku nyingi. Amemchukua salmon akaweka huyu."

Yaani mwizi. Alimwita mwizi mbele ya watu tisa, watoto wamo, mpishi aliyempigia simu saa nne na nusu akamweleza kila kitu.

Bi Zainabu hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama tu, mikono imeshika pindo la kanga. Akanitazama mara moja, haraka, kisha akatazama chini.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni na bakuli la kachumbari. Nikanyamaza. Sitaki mnihurumie hapa. Nilikuwa najiambia, mwezi bado haujaisha, na nikisema nitafukuzwa. Nilinyamaza mpaka nikamsikia mjukuu mmoja mdogo anauliza, "Bibi, yule mama ameiba?"

Hapo miguu ikaondoka yenyewe. Nikaweka bakuli chini, nikaenda jikoni, nikatoa beseni la salmon chini ya meza. Sikuwa nimemtupa, namshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Nikalibeba mpaka mezani nikaliweka mbele ya Meneja, limejaa maganda ya ndimu.

"Salmon huyu hapa. Nilimwosha mimi, kwa ndimu na chumvi, akaharibika. Mama huyu alikuambia kwa simu nikiwa nimesimama. Ukamwambia pika, nitawaambia wageni."

Bibi akachungulia ndani ya beseni, akachukua punje ya nyama akaonja. "Ee Mola. Wewe kijana, umemwosha au umemkausha ng'onda?"

Watu wakaangua kicheko, hata binti. Ila bibi hakuendelea kucheka. Akamgeukia Meneja. "Mwanangu, mwombe radhi dada huyu."

Meneja akasema, "Mama, haya ni mambo ya ndani. Tutayamaliza ofisini."

Bi Zainabu akafungua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya kiti. "Umenitaja hapa mbele ya watu. Ofisini kuna nani wa kusikia?"

Akaingia jikoni akachukua kisu chake, akakifunga kwenye kanga, akatoka kwa mlango wa mbele. Miaka yote ile alikuwa anapita mlango wa nyuma.

Binti alimkimbilia getini. Kutoka nilipokuwa niliona anamwomba samahani, na baadaye wanaongea, Bi Zainabu anaonyesha kwa mkono jinsi sosi inavyoshuka kwenye kijiko. Hata siku ile alifundisha mtu.

Mimi nilifukuzwa kabla ya vyombo kukauka, na hilo silalamikii.

Kinachoniunguza ni haya yaliyofuata.

Moja, Masoko ni padogo. Neno mwizi lilifika mnadani kabla yake. Kuna muuza samaki amezoeana naye miaka, akamtania, "Bi Zainabu, leo fungu unalipa au unapita nalo tu?" Watu wakacheka. Utani, eti. Mama wa heshima anakwenda kununua dagaa anataniwa wizi. Siku hizi anamtuma jirani.

Mbili, menyu mpya imechapishwa pale hotelini. Jamaa wa getini amenitumia picha. Imeandikwa "Kilwa Salmon, sosi ya Meneja". Ni kolekole! Kolekole yuleyule asiyeliwa na wageni wa maana! Wanampika vibaya, sosi inaungua, kwa hiyo Meneja akamtuma askari kwa Bi Zainabu: arudi kazini, yamekwisha.

Askari alinisimulia jibu alilopewa. Bi Zainabu alikuwa anapembua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Kamwambie kolekole ana jina lake, na mimi nina langu. Akiyarudisha yote mawili palepale alipoyachukulia, nitakuja."

Mpaka leo hajarudisha hata moja.

Na tatu ni mimi. Siku ya pili yake nilipanda basi. Sasa hivi nipo Mitwero, pembeni ya Lindi mjini, najifunza kutengeneza friji. Nilisema ukweli mara moja mbele ya watu tisa wa Dar, ambao walipanda gari wakaondoka nao. Watu wa mnadani, ambao Bi Zainabu anaishi nao, hawakunisikia. Yeye alisema "jikoni kwangu" ili mimi nisiguswe, na mimi nikambakizia lile jina nikahama kama kawaida yangu.

Nilichojifunza, wakuu, si kuhusu salmon. Ukiona chakula cha kwenu kinavalishwa jina la watu ili kipate heshima, mtazame na aliyekipika, ujue na yeye ameshavuliwa kitu. Na ukikosea jikoni kwa mtu, sema siku hiyohiyo, tena kwa sauti ya kufika mnadani.

Kwa hiyo kesho asubuhi napanda basi la Kilwa. Nitafika mnadani wakati samaki wanashushwa, watu wote wapo. Nitasimama pale niseme ni nani aliyeharibu salmon na ni nani aliyemsingizia mwenzake. Wakinicheka kwa ndimu zangu kumi, wacheke. Nikimaliza nitanunua kolekole mmoja, nimpelekee kwake akiwa na kichwa chake.

Mlio Masoko, njooni msikie. Mlio mbali, nishaurini: nianze kwa kupita kwake kumwomba ruhusa, au niende kwanza mnadani? Na wenye matusi yangu pia leteni, nimeyatafuta mwenyewe.